Nyuma ya Mzee Hakuna Kitu

Picha hizi mmeshaziona. Nani amepita Makumbusho ya Taifa ya Nairobi asisimame mbele ya picha za watu wa makabila za mchoraji Joy Adamson? Kwa hiyo shanga walizovaa sizigusi. Shanga ziko sawa, na mkono wake kwenye rangi ya maji haukutetemeka. Ugomvi wangu uko nyuma ya kichwa cha mzee mmoja kwenye picha hizo. Pale hakuna kitu.

Hilo ni kosa, tena la makusudi. Adamson alifika Kenya 1937, akajinoa kwa kuchora maua: ua moja, karatasi nyeupe, kila stameni mahali pake. Mwaka 1947 kazi hiyo ikampatia medali ya dhahabu ya Grenfell kutoka Uingereza. Basi serikali ya kikoloni ilipompa kazi ya kuchora makabila, ili mavazi na mapambo yasipotee bila kumbukumbu, akaja na mtindo uleule wa maua. Mzee akakalishwa na mapambo yake yote, akachorwa, kisha karatasi ikaachwa tupu kumzunguka. Picha nyingi ziko hivyo. Hana boma, hana mti, hana hata vumbi la kukanyaga. Ni shina lililokatwa likaletwa mezani. Ukiitazama kwa muda unaanza kutafuta jina la Kilatini pale chini.

Na msiniambie ndiyo ilikuwa desturi. Marianne North, mchoraji wa enzi ya Malkia Victoria, alifika Shelisheli mwaka 1883 na rangi zake za mafuta. Yeye ua alilichora na mlima wake, na ufuo wake, na anga lake. Jumba lake kule kwenye bustani ya Kew, London, lina picha zaidi ya 800, zimebanana ukutani kama paa za mtaa wetu wa Kianda, Kibera. Ua la North lina kwao.

Wanaonisoma wamechoka kunisikia nikisema mandharinyuma ni nusu ya picha. Nitasema tena. Mchoraji wa mabango hapa Kianda akipaka kichwa kwenye bati la kinyozi, kutu ya bati inaingia kazini. Kundi la wasanii la Maasai Mbili, lililoanza Kibera mwaka 2001, lilitokea kwenye mabango hayohayo. Naye mwalimu Rosemary Karuga, aliyesoma Makerere, alipokosa pesa za rangi alikata pakiti za unga na sabuni ya Rexona, akabandika watu na wanyama pamoja na ardhi waliyosimama juu yake.

Adamson rangi alikuwa nazo. Kushoto kwa yule mzee pamebaki nafasi ya ng'ombe watatu.