Nchi Isiyokuwa Dola: Uhakiki wa Hukumu ya Uhaini ya Zanzibar ya Mwaka 2000

Hukumu chache za Mahakama ya Rufani ya Tanzania zimejadiliwa Visiwani kama ile iliyotolewa Novemba 2000 katika shauri la Machano Khamis Ali na wenzake 17 dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Washtakiwa, wafuasi wa Chama cha Wananchi (CUF), walianza kukamatwa mwishoni mwa mwaka 1997, wakati wa uchaguzi mdogo wa jimbo la Mkunazini, kisha wakashtakiwa kwa uhaini. Kosa hilo adhabu yake ni kifo, na mshtakiwa wake hapewi dhamana. Mahakama ilitamka kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar. Uhaini, kwa mtazamo wake, ni kosa dhidi ya mwenye mamlaka kuu, na mamlaka hayo ni ya dola moja tu, Jamhuri ya Muungano. Mwezi huohuo watu hao walikuwa uraiani baada ya kukaa rumande miaka.

Hukumu hii imezoeleka kusomwa kwa njia mbili zisizokutana. Watetezi wa haki za binadamu huisoma kama ushindi: serikali iliyotaka kuugeuza upinzani kuwa uhaini ilinyimwa silaha yake. Watetezi wa mamlaka ya Zanzibar huisoma kama msiba: majaji walitumia kesi ya jinai kuifuta nchi. Kisiwani Pemba usomaji huu wa pili na ule wa kwanza mara nyingi hukaa katika nyumba moja, na hata katika kifua kimoja. Katika uchaguzi wa mwaka 1995 majimbo yote 21 ya Pemba yalikwenda CUF, huku Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, akitangazwa kushindwa urais wa Zanzibar kwa asilimia 49.8 dhidi ya 50.2 za Salmin Amour. Kwa hiyo Pemba ndiko kulikokuwa na sababu kubwa zaidi ya kuihofia sheria ya uhaini mikononi mwa serikali ya Unguja. Na ndiko pia chama kilichotetea muundo wa serikali tatu, na hivyo heshima ya Zanzibar kama mshirika kamili wa Muungano, kilikokuwa na mizizi mirefu.

Hapo ndipo kitendawili cha hukumu kilipo. Watu waliokuwa wakidai kwamba Zanzibar ni nchi yenye haki zake waliokolewa kwa hoja kwamba Zanzibar si dola. Nayo serikali, iliyokuwa ya chama kinachosimamia muundo wa serikali mbili, ilijikuta ikitetea mahakamani ukuu wa Zanzibar ambao majukwaani haikuutamka kwa sauti hiyo. Wachambuzi wengi huupita mgongano huu haraka mno. Ukiachwa kando, hukumu huonekana kama maneno ya majaji peke yao, ilhali pande zote mbili zilikuwa zimeshakopeshana hoja kabla majaji hawajaandika neno.

Uhakiki huu hauna ugomvi na matokeo ya shauri. Ugomvi uko kwenye upana wa sababu. Ulinzi na usalama vimo katika orodha ya Mambo ya Muungano. Ingetosha kusema kwamba kosa linalogusa usalama wa Jamhuri nzima hushtakiwa kwa jina la Jamhuri, na kwamba waliofungua mashtaka haya hawakuwa na uwezo wa kuyafungua. Milango ya gereza ingefunguka vilevile. Yupo atakayejibu kwamba hoja nyembamba ingekuwa kinga dhaifu, kwa kuwa ingebakisha mlango wa kuwashtaki watu walewale kwa jina la Muungano. Jibu hilo lina uzito wake. Hata hivyo mlango huo haukufungwa na hoja pana pia, kwani hata kwa hoja hiyo Jamhuri ya Muungano inabaki kuwa dola inayoweza kuhainiwa.

Tatizo la pili ni la lugha, na wanasheria wamelipa nafasi ndogo kuliko linavyostahili. Katiba zote mbili, ya Muungano ya mwaka 1977 na ya Zanzibar ya mwaka 1984, husomwa na wananchi kwa Kiswahili. Hukumu za Mahakama ya Rufani kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Ibara ya 1 ya Katiba ya Muungano inaitaja Tanzania kuwa “nchi moja”, na tafsiri yake ya Kiingereza hutumia neno “state”. Maneno haya mawili hayabebi mzigo mmoja. Nchi, kwa Mpemba, ni ardhi kwanza: mvuvi anayerudi kutoka mkondo wa Pemba huitafuta nchi kavu. Kisha ni mahali pa asili, na ndipo lilipozaliwa neno mwananchi. Dola ni jambo jingine, ni nguvu yenye jeshi, bendera na kiti katika Umoja wa Mataifa. Mtu anaweza kukubali bila shida kwamba Zanzibar haina kiti hicho tangu Aprili 1964, na bado akaona ni upuuzi kuambiwa kwamba Zanzibar si nchi. Hoja ya hukumu ilihusu dola. Iliposhuka mitaani Wete na Chake Chake kwa Kiswahili ilikuwa imeshageuka kuwa “Zanzibar si nchi”, na hakuna jaji aliyekuwepo kusahihisha tafsiri hiyo.

Je, ni kweli kwamba palipo na dola moja hapawezi kuwa na uhaini wa sehemu? Historia ya sheria katika nchi nyingine haisemi hivyo. Marekani ni dola moja, lakini mwaka 1844 Thomas Dorr alitiwa hatiani kwa uhaini dhidi ya jimbo la Rhode Island, na John Brown alinyongwa Desemba 1859 baada ya kutiwa hatiani, pamoja na makosa mengine, kwa uhaini dhidi ya Virginia. Katiba ya Uswisi huziita kantoni zake zenye mamlaka kuu kwa kadiri ambavyo mamlaka hayo hayakuwekewa mpaka na katiba ya shirikisho. Mifano hii haithibitishi kwamba Zanzibar ilistahili kuwa na kosa la uhaini. Kuwatetea waliomnyonga John Brown si kazi ya kupendeza. Inachothibitisha ni kwamba mamlaka kuu yanaweza kugawika ndani ya dola moja, na kwamba majaji walichagua nadharia moja kati ya kadhaa. Issa Shivji, katika utafiti wake wa mwaka 1990 juu ya misingi ya kisheria ya Muungano, alikuwa ameshajenga hoja kwamba Hati za Muungano zilizaa mfumo wenye sura ya shirikisho. Nadharia mbadala ilikuwepo nyumbani, wala haikuhitaji kuagizwa ng’ambo.

Mfano ulio karibu zaidi na kazi ya jaji unatoka Canada. Agosti 1998, Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliulizwa kama Quebec inaweza kujitenga kwa uamuzi wake yenyewe. Ilijibu kwamba haiwezi, lakini ikaongeza kwamba wingi ulio wazi wa kura kwa swali lililo wazi ungezilazimisha pande nyingine kukaa mezani. Kisha ikasema kwamba kuyapima mazungumzo hayo ni kazi ya wanasiasa. Mahakama ile ilijichorea mpaka. Iliwanyima Waquebec jibu walilolitaka bila kuwaambia kwamba wao si kitu. Scotland nako, mwaka 1953, katika shauri la MacCormick, Lord Cooper alikataa ombi lililokuwa mbele yake huku akitilia shaka kwamba Bunge lililozaliwa na mkataba wa muungano lilirithi tu tabia za Bunge la Uingereza. Mlalamikaji alishindwa, lakini upande mdogo wa muungano ulitoka mahakamani na heshima yake. Washtakiwa 18 wa Zanzibar walipata kinyume chake: walishinda shauri, na kisiwa chao kikapoteza jina.

Jina hilo lilirudishwa, lakini si na mahakama. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliliambia Bunge mjini Dodoma kwamba Zanzibar si nchi, na ghadhabu iliyozuka Visiwani ilivuka mipaka ya vyama. Miaka miwili baadaye, baada ya kura ya maoni ya 31 Julai 2010 iliyoridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, Baraza la Wawakilishi lilipitisha Mabadiliko ya Kumi ya Katiba. Kifungu cha kwanza, ambacho awali kiliitaja Zanzibar kuwa sehemu ya Jamhuri ya Muungano, sasa kinaitangaza kuwa nchi. Waandishi wake walichagua neno nchi na kuliepuka neno dola. Hilo huenda ndilo jibu makini zaidi kwa hukumu ya mwaka 2000, nalo limeandikwa katika lugha ambayo hukumu haikuizungumza.

Sasa katiba mbili zinatazamana, moja ikisema nchi moja na nyingine ikisema nchi mbili zilizoungana, na swali ni nani mwenye uwezo wa kuzisoma pamoja. Mahakama ya Rufani haiwezi: kifungu cha 99 cha Katiba ya Zanzibar kinazizuia rufaa zinazohusu tafsiri ya katiba hiyo, pamoja na mambo ya Kiislamu yanayoanzia mahakama za makadhi, zisifike kwake. Ibara za 125 hadi 128 za Katiba ya Muungano zinaunda Mahakama Maalum ya Katiba, ambayo nusu ya wajumbe wake huteuliwa na kila serikali, na uamuzi wake huhitaji theluthi mbili za kila upande. Mahakama hiyo haijawahi kuketi. Tena hushughulikia ugomvi baina ya serikali mbili tu, na serikali mbili zinazoongozwa na chama kimoja hazina haraka ya kushtakiana. Mtu wa Micheweni mwenye swali hilohilo anaweza kufika masjala ya Mahakama Kuu Chake Chake, na kwa tafsiri ya Katiba ya Zanzibar ndipo safari yake ya rufaa inapokomea.

Mnamo tarehe 26 na 27 Januari 2001, takriban miezi miwili baada ya hukumu, waandamanaji waliodai uchaguzi urudiwe walipigwa risasi Pemba, na zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Polisi ni chombo cha Muungano. Majeruhi na wafiwa hawakuwa na haja ya kuambiwa dola iko wapi. Mwezi Oktoba vyama viwili vilitia saini Muafaka, kisha Rais Benjamin Mkapa akaunda tume chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Yote hayo yalifanyika nje ya mahakama, kwa Kiswahili.