Ukimya wa Fanani: Ufundishaji wa Utafiti wa Nyanjani

Pendekezo la mwaka 1968 la Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba katika Chuo Kikuu cha Nairobi liliipa fasihi simulizi nafasi ya msingi katika masomo ya fasihi. Tangu hapo suala la mbinu za kuikusanya haliepukiki. Mwanafunzi wa uzamili aghalabu hufundishwa tofauti baina ya hojaji na mahojiano, uteuzi wa sampuli, na namna ya kupanga sura ya mbinu katika tasnifu. Unukuzi huachwa, kana kwamba ni kazi ya karani.

Hapa ndipo penye kasoro. Ruth Finnegan alikwisha kusisitiza, katika *Oral Literature in Africa* (1970), kuwa utendaji na hadhira ni sehemu ya utungo wenyewe. Hoja hiyo hurudiwa kwa unyenyekevu katika mapitio ya maandishi. Kisha, katika viambatisho, ngano hupangwa kama insha ya shule. Swali la mtafiti lililomkatiza fanani limefutwa. Kicheko kimefutwa. Fanani aliyenyamaza mkwewe alipoingia anaonekana hakunyamaza kamwe, ilhali katika utafiti wa kimaelezo ukimya huo ni data, pengine kuliko ngano yenyewe.

Zoezi moja lingefaa kuliko mihadhara mingi: darasa zima lipewe rekodi moja ya dakika 5, kila mmoja ainukuu peke yake, kisha nakala zilinganishwe na kila mnukuzi aeleze alichokiacha na sababu yake. Sura ya mbinu iandikwe baada ya hapo, na msimamizi aisome huku akiisikiliza rekodi.