Sisi wa Maji ya Kunde

Daphne Palasi Andreades ni binti wa wahamiaji wa Kifilipino, na alilelewa Queens, wilaya mojawapo ya jiji la New York. Riwaya yake, Brown Girls, iliyotoka mwaka 2022, inahusu wasichana waliokua pamoja huko, watoto wa watu waliohamia kutoka Ufilipino, Pakistani, Jamaika, Ghana na kwingineko. Msimulizi wake si mtu mmoja. Anayesema ni "sisi".

Jina la kitabu lilinisumbua kulitafsiri. "Weusi" halifai, maana linawaacha nje wengi wao. "Maji ya kunde" ndilo neno letu, na ni zuri, ila kwetu Tabora hiyo ni sifa ya binti mmoja. Hutajwa posa inapozungumzwa, na humtenga na dada yake aliye mweusi zaidi. Haliunganishi watu. Wale wa Queens wameunganishwa na macho ya wengine: walimu wanawachanganya, huyu anaitwa kwa jina la yule. Mwandishi amelichukua kosa hilo la walimu akalifanya njia yake ya kusimulia, na kurasa za utotoni zinachangamka kwelikweli.

Wanapokuwa watu wazima, "sisi" hiyo inaanza kunichosha. Baadhi yao wanavuka kwenda Manhattan, wengine wanabaki mtaani, na wote wanaendelea kusema kwa kinywa kimoja. Mmoja wao anapokufa, nilitaka kumlilia nikakuta simjui.

Labda nisingejali sana kama nisingekisoma kitabu hiki Isevya, nyumbani kwa shangazi yangu. Katika karne ya 19 misafara kutoka Ujiji ilipita hapa Unyanyembe ikielekea Bagamoyo, na pembe na mateka. Wasichana waliochukuliwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walikuwa wa makabila na lugha mbalimbali. Walipofika huku wote wakaitwa Wamanyema. Baadaye wajukuu wao walilishika jina hilo wakalifanya lao, hata Ujiji na Dar es Salaam, wala hawaoni haya. Bibi yetu mzaa baba alikuwa wa ukoo huo. Kuhusu mama yake tuliambiwa neno moja tu, kwamba alikuja na wenzake. Hao wenzake walikuwa akina nani, hakuna aliyejua.

Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Humo "mimi" ni kubwa kama pembe za ndovu zake, na wanawake wengi waliotembea katika misafara ile hawana hata jina. Nikiweka vitabu hivi viwili pamoja, namheshimu zaidi Andreades: wasichana wake angalau wanasema wenyewe.

Nilimsomea shangazi kurasa chache, nikizitafsiri papo hapo. Alisikiliza, kisha akauliza, "Mama zao wanaitwa nani?" Tangu hapo nimekuwa nikilisoma kila sura kwa swali hilo, na kitabu hakilijibu vya kutosha.

Hata hivyo kinastahili Kiswahili. Atakayekitafsiri atapata taabu moja: kiambishi chetu "tu-" hakionyeshi mke wala mume, kwa hiyo neno "wasichana" atalirudia mara nyingi kuliko apendavyo. Alirudie. Na jina la kitabu alitafute kwingine. Maji ya kunde tumeshayaharibu kwenye posa.