Kwa Nini 2.9 Iliizidi 2.10

Taarifa za afya (MTUHA) za hospitali kama ya Litembo, juu kwenye milima ya Umatengo wilayani Mbinga, hupitia DHIS2, mfumo uliokwisha kuenea nchi nzima kufikia 2013. Mfumo huo ulitoka toleo 2.9 ukaingia 2.10, na mruko wa namna hiyo hunasa programu nyingi. Tuchukulie programu ndogo ya C kwenye kompyuta iliyofungwa huko mlimani, kazi yake kuangalia kama seva ina toleo jipya. Ikilinganisha kwa strcmp itaamua kwamba 2.9 ndilo jipya, na sasisho halitashuka. Hakuna onyo lolote, kwa hiyo fundi aliyeko Songea hana cha kumshtua.

strcmp husoma herufi moja moja. "2." zinafanana, kisha '1', ambayo katika ASCII ni 49, inakutana na '9', ambayo ni 57. Hukumu imekwishatoka, na sifuri inayofuata haisomwi kabisa.

Wengi hukimbilia kugeuza kila kipande kuwa namba kwa atoi. Mfano wetu utapona, lakini matoleo mengine hubeba tarakimu za tarehe na saa, kama 1.20240315101500. Kipande hicho cha pili kinapita 2,147,483,647, kikomo cha int ya biti 32, na hapo C haiahidi jibu lolote. strtol nayo hukwama kwenye kikomo chake, hivyo namba mbili tofauti zilizokipita huonekana sawa.

Dawa ninayoiamini ni kutogeuza kabisa. Ruka sifuri za mbele, kisha tembea pande zote mbili kwa pamoja: penye tarakimu nyingi ndipo pakubwa, idadi ikilingana, tofauti ya kwanza inaamua. Ndivyo ifanyavyo dpkg ya Debian, na haijali namba ina urefu gani. Imefikiria pia matoleo ya majaribio: alama ~ imewekwa chini hata ya mwisho wa maandishi, ndiyo maana 2.10~rc1 hutangulia 2.10.

Kabla ya kuita isdigit kutambua tarakimu, geuza herufi kuwa unsigned char, maana kwenye mashine nyingi baiti iliyozidi 127 husomwa kama namba hasi.

Kisha ijaribiwe: 2.9 na 2.10, 2.010 na 2.10, ambazo lazima zitoke sawa, 2.10~rc1 na 2.10. Kila jozi igeuzwe, na alama ya jibu igeuke nayo, la sivyo qsort ikitumia ulinganisho huu kupanga matoleo itapanga ovyo.