Mkono Unaopima Kiriba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado halijavuka vilele vya minazi, mwenye kitalu anakinyanyua kiriba kimoja cha mche wa nyanya. Anakipima kiganjani kama mtu anayepima yai, kisha anakirudisha mahali pake. Ananyanyua cha pili katikati ya safu, halafu cha tatu pembeni, pale upepo wa bahari unapopiga. "Leo pembeni tu," anamwambia kijana wake. "Ya kati ina maji mpaka kesho." Kijana anachukua keni ya kumwagilia, anakwenda pembeni. Zile safu za katikati, ambazo mimi ningezimwagilia bila kufikiri, hazipati hata tone.

Hapa ni Nguvumali, jijini Tanga. Mara ya kwanza nilifika kwa mama huyu mwenye kitalu nikiwa na miche yangu mitatu ya pilipili hoho, imenyauka na kuwa ya manjano. Niliipanda katika makopo mafupi ya rangi, nikaijaza udongo wa mfinyanzi niliouchimba nyuma ya nyumba. Ilipoanza kupoteza rangi nikasema ina njaa, nikaipa urea. Ikazidi kuharibika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lete nione."

Hakuyatazama majani. Aliligeuza kopo, akaligonga kitako, mche ukatoka na udongo wake wote. Akaunusa. Mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza, inanuka kama tope la mtaroni. "Mwanangu," akasema, "mche huu hauna njaa. Umezama."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikienda kumtazama akifanya kazi, na kila ninapokwenda narudi na heshima kubwa zaidi kwa watu wa vitalu. Wengi wetu tunaamini kwamba kulisha mmea ni kuutilia mbolea. Wao wanajua kwamba mbolea ni jambo la mwisho. Kwanza huja udongo, kisha maji, na mbolea hufuata pale viwili hivyo vilipoiandalia njia.

Kazi huanza wiki nyingi kabla ya mbegu. Tanga ni mji wa maziwa, kwa hiyo samadi haikosekani. Anayoletewa huilundika kivulini, huinyunyizia maji, huigeuza kwa chepe, huiacha, kisha huigeuza tena. Kila mara hutumbukiza mkono katikati ya lundo. Likiwa na joto, bado. Likinuka mkojo, bado. Samadi mbichi hutoa amonia inayounguza mizizi michanga, na ikichanganyika na majani makavu au vumbi la mbao lisiloiva, vijidudu vinavyoliozesha hunyang'anya naitrojeni ambayo mche ungeitumia. Mtu asiyejua huona kitalu kimejaa samadi na miche yake imepauka, akashangaa. Mama huyu hashangai. Anasubiri mpaka lundo lipoe na kunuka kama ardhi iliyonyeshewa mvua.

Ndipo anapopima kwa debe: udongo wa juu madebe matatu, samadi mawili, mchanga moja. Hicho ni kipimo cha kuanzia, na mkono wake hukirekebisha. Udongo ukiwa mzito, mchanga unaongezeka au maganda ya mpunga yanaingia. Hushika konzi moja ya mchanganyiko uliolowa kidogo, huifumba, huifumbua. Tonge likibaki gumu, udongo ni mzito mno. Lisiposhikana kabisa, ni mwepesi mno. Analolitaka ni tonge linaloshikana, kisha linapukutika likiguswa na kidole gumba. Mchanga wa ufukweni haukaribii kitalu chake, kwa sababu ya chumvi.

Kuna jambo la mji huu analolizingatia sana. Sehemu kubwa ya Tanga imekaa juu ya mawe ya chokaa. Ni mawe ya jamii hiyo yaliyochongwa na maji yakawa mapango ya Amboni, na chokaa hiyo ndiyo inayosagwa kuwa saruji hapo Pongwe. Udongo uliojaa chokaa huyafunga madini ya chuma na zinki, na huishika fosforasi kiasi kwamba mzizi hauwezi kuipata. Madini yamo, lakini ni kama chakula kilichofungiwa kabatini. Jani jipya linatoka la manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Panda milima ya Usambara Mashariki hadi Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na utakuta kinyume chake: udongo uliooshwa na mvua kwa karne nyingi ukawa mchachu, ukapungukiwa kalsiamu. Mfuko mmoja wa mbolea ukigawanywa kati ya mahali hapa pawili hauwezi kufanya kazi moja. Ndiyo maana mama huyu hatumii udongo kutoka sehemu moja tu, na ndiyo maana samadi kwake ina kazi ya pili. Mboji husaidia kushikilia madini ya chuma yasifungwe na chokaa, mzizi ukayafikia.

Pwani yetu ina makumbi ya nazi bila hesabu, naye huyatumia. Lakini hayaamini mpaka ayaoshe. Unga wa makumbi hushika maji vizuri na kuacha nafasi ya hewa, sifa adimu kuzipata pamoja. Tatizo ni kwamba huja na chumvi na potasiamu nyingi, hasa makumbi yaliyokwisha kulowekwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba. Yakitiwa hivyo hivyo, huinasa kalsiamu na magnesiamu na kuachia chumvi. Kwa hiyo huloweka kwa maji baridi, humwaga, huloweka tena, na huonja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Ulimi ukihisi chumvi, anarudia.

Siku moja nilimuuliza kwa nini miche ile ile huiwekea mchanganyiko mzito kidogo kwenye viriba virefu, na mwepesi zaidi kwenye trei fupi za kuoteshea. Akachukua sponji ya kuoshea vyombo, akailowesha, akailaza kiganjani. Maji yakachuruzika, yakakoma. Kisha akaisimamisha kwa ubavu wake. Maji yakaanza kuchuruzika upya. Sponji ni ile ile, maji ni yale yale, kimo tu ndicho kilichobadilika. Chombo kirefu hujikamua chenyewe, na chombo kifupi hubaki kimeloa chini hata kikitobolewa matundu mengi. Nikayakumbuka makopo yangu ya rangi: mafupi, yamejaa mfinyanzi, na mimi namwagilia asubuhi na jioni. Mzizi hutumia nguvu kuvuta madini, na nguvu hiyo huipata kwa kupumua. Usipopata hewa hauli, hata ukizungukwa na mbolea. Pilipili zangu zilikuwa zimekaa mbele ya sahani iliyojaa huku zimezibwa pua.

Maji nayo yana asili yake, na mtunza kitalu anaijua. Maji ya bomba ya Tanga hutoka katika bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, unaoshuka kutoka misitu ya Usambara Mashariki. Maji ya visima vingi vya karibu na bahari yana chumvi, na chumvi ikizidi huuzuia mzizi kunywa, ncha za majani zikaungua kama zilizopitishiwa moto. Akilazimika kutumia ya kisima, huyamwaga kwa wingi mara chache badala ya kidogo kidogo kila siku, ili chumvi iteremke na kutokea chini ya kiriba. Na hamwagilii kwa saa wala kwa mazoea. Humwagilia kwa uzito, na ndiyo maana ya ule mkono wa alfajiri.

Usawa huo wa maji una faida ambayo mnunuzi huiona miezi miwili baadaye. Nyanya inayokaushwa leo na kufurikishwa kesho huoza kitako: doa jeusi, lililobonyea, chini ya tunda. Wakulima wengi hukimbilia dawa ya ukungu, na haisaidii, kwa sababu hakuna ukungu ulioanzisha. Tunda limekosa kalsiamu. Madini haya husafiri na maji yanayopanda kutoka mizizini, na maji yakikatika, kalsiamu nayo hukatika, hata udongo ukiwa wa chokaa tupu. Yaani katika mji ulioketi juu ya kalsiamu, nyanya inaweza kuikosa kwa sababu ya keni iliyosahauliwa siku tatu.

Sasa ndipo mbolea inapoingia. Tanga ina historia nayo. Katika miaka ya 1970 na 1980 mji huu ulikuwa na kiwanda cha mbolea, na fosfati ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ilichimbwa ili kukilisha. Kiwanda kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo mkulima hununua mfuko dukani, na namba zilizoandikwa juu yake zinastahili kusomwa kwa makini. Urea ina naitrojeni asilimia 46, maana yake mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni tupu. Huko shambani watu hupima kwa kizibo cha soda kwa kila shimo. Kizibo hicho kikitiwa ndani ya kiriba kidogo huua mche. Kwa hiyo mama huyu huyeyusha kiasi kidogo sana kwenye ndoo ya maji na kunywesha miche iliyokwisha kulowa, kamwe si iliyo mikavu. Baada ya siku kadhaa hurudia. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa methali hiyo ni sayansi kamili: ndani ya kiriba hakuna akiba kubwa, na naitrojeni inayozidi leo huoshwa na maji ya kesho.

Anajua kuyasoma majani kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Manjano ikianzia majani ya zamani, chini, ni naitrojeni, kwa sababu mche huihamisha kutoka kwa wazee kuwapa watoto. Ikianzia juu, kwenye majani mapya, ni chuma, kwa sababu chuma hakihami. Zambarau kwenye majani ya chini, fosforasi. Kingo za majani ya zamani zikiungua, potasiamu. Lakini kabla ya kutamka lolote hunyanyua kiriba na kutazama mizizi. "Jani linalalamika," aliniambia, "mzizi ndio unaojua sababu."

Karibu mwaka 1860 wanasayansi wawili wa Kijerumani, Julius Sachs na Wilhelm Knop, waliotesha mimea ndani ya maji yaliyotiwa chumvi za madini, bila udongo kabisa. Walithibitisha kwamba mmea hauli udongo. Udongo ni sahani, ni kiti na ni kivuli cha mezani, na mlo ukiwa mzuri lakini sahani imevunjika, mgeni atalala na njaa. Mama wa Nguvumali alifika mahali hapo hapo kwa njia ya mkono.

Wiki ya mwisho kabla ya kuuza, huipunguzia miche maji na kuitoa kivulini kidogo kidogo. Mteja mwenye haraka huona kama inateswa. Mchelea mwana kulia hulia yeye: mche uliodekezwa kitaluni huanguka siku ya kwanza shambani, na uliokomazwa husimama.

Jina la kata hii linasomeka kama methali, kwamba nguvu ni mali. Nimeiona nguvu hiyo, na sehemu yake kubwa ni subira: kusubiri samadi ipoe, kuosha makumbi mara tatu, kuacha kumwagilia mche ambao haujaomba maji. Ni utaalamu wa kweli, nao unastahili bei nzuri na jina zuri.

Kwako msomaji mwenye bustani, hata ya ndoo mbili nyuma ya jiko: kabla hujanunua mfuko wa mbolea, nyanyua kiriba chako na usikie uzito wake. Utoe mche mmoja uutazame mizizi. Kama una shamba, peleka udongo wako ukapimwe. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, kule Muheza, kilianza mwaka 1934 kwa ajili ya mkonge na leo kinashughulikia udongo wa nchi nzima. Na ukinunua miche, muulize mwenye kitalu ameichanganyia nini na ameinywesha vipi. Atakujibu, maana kazi hiyo ameifanya kwa mkono wake mwenyewe.