"Utasoma huku unatumika": tangazo lenye linaficha nusu ya sheria



Kila mara matokeo ya diploma ya Leta yakitoka, magrupu ya WhatsApp yanajaa matangazo: Ufaransa, Ubelgiji, Kanada, utasoma huku unatumika, utajilipia minervali mwenyewe. Mzazi anasoma hiyo, anaanza kupiga hesabu ya parseli yake. Nataka tuchambue hiyo sentensi moja, juu iko kweli nusu, na ile nusu ingine ndiyo inauzisha parseli.

Tuanze Ufaransa. Mwanafunzi mgeni anaruhusiwa kutumika masaa 964 kwa mwaka, ni kusema asilimia 60 ya masaa ya mfanyakazi wa kawaida kule. Kima cha chini cha mshahara kilipandishwa Novemba 2024 kikafika euro 11.88 kwa saa, mbele ya makato. Zidisha: inakaribia euro 11,450 kwa mwaka. Tangazo linakomea hapo, na kweli mtu akisikia hiyo namba anasimama wima. Lakini kwa kuomba visa unapaswa kwanza kuonyesha kwamba uko na euro 615 kwa kila mwezi, hata kazi hujaiona. Minervali ya licence katika vyuo vikuu vya serikali, kwa wageni wasio wa Umoja wa Ulaya, ilipandishwa mwaka 2019 ikawa euro 2,770, ijapokuwa vyuo vingi vinasamehe. Sheria hiyo haikutungwa ili ujilipie masomo. Inakuruhusu kuongeza chumvi katika chakula chenye ulikuja nacho.

Kanada wanasema wazi zaidi. Nje ya Quebec, tangu 1 Januari 2024 mtu mmoja alidaiwa kuonyesha dola 20,635 za kule kwa maisha ya mwaka, mbali na minervali na nauli. Mbele ya hapo ilikuwa 10,000. Kwa hiyo mwenye anakuletea tangazo, muulize hizo dola zitatoka wapi. Akijibu "utatumika", hajasoma sheria, ao ameisoma vizuri sana.

Masaa nayo yamechezewa. Yalikuwa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Novemba 2022 kikomo kikaondolewa kwa muda, sababu waajiri walikosa watu, mpaka mwisho wa Aprili 2024. Kisha 20 tena, na tangu Novemba 2024 ni 24. Tunaambiwa kikomo kinalinda masomo. Sasa hayo masomo yalilindwa na nani miezi 17 yote ile?

Mimi ni mtu wa agronomia, kwa hiyo napendelea hesabu ya Ufaransa, ya mwaka mzima. Mwezi wa mtihani unapumzika, wakati wa kuvuna zabibu unatumika kabisa. Hakuna shamba lenye linalimwa masaa sawasawa kila wiki. Ubelgiji na Kanada wanafungua mlango mzima wakati wa likizo tu.

Ila hayo ni ya mbali. Wengi wetu tunavuka ziwa tu. Tanzania, mwanafunzi mgeni anapewa kibali cha kuishi cha daraja C, na sheria ya 2015 ya ajira za wasio raia inakataza kutumika bila kibali cha kazi. Hata saa moja. India, kwenye Wakongomani wengi wanasoma, visa ya masomo nayo haikubali kazi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Itifaki ya Soko la Pamoja, yenye ilianza Julai 2010, inataja wazi wafanyakazi kuvuka mipaka. Lakini kijana wa Baraka mwenye anasoma Kigoma, kwenye watu wanaongea lugha yake, na pengine bibi yake aliishi miaka katika kambi ya Nyarugusu, ana haki ndogo ya kuuza masaa yake kuliko angekuwa Lyon.

Na usifikiri hatumiki. Anatumika kwa kujificha: kupakia mizigo, kufundisha watoto Kifaransa jioni, bila mkataba, bei anapanga bosi, na bosi anajua huyu hawezi kwenda kulalamika popote. Masaa 15 kwa wiki, yakiandikwa juu ya kibali chake, yangemtoa mafichoni bila kumnyang'anya Mtanzania kazi.