Kirangozi wa Safari ya Isanga

Katika misafara iliyovuka Unyamwezi katika karne ya 19, ikitoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora na kuendelea mpaka Ujiji, mtu aliyetangulia mbele ya wapagazi wote aliitwa kirangozi, na kilichompa nafasi hiyo hakikuwa nguvu za mabega wala ukaribu wake na tajiri mwenye mali, bali ni kwamba njia ile aliwahi kuipita yeye mwenyewe, akayajua maji yake, nyika zake na watawala waliotoza hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi yao. Ufundi unaosifiwa hapa unasimama juu ya msingi huohuo. Ni kazi ya msaidizi rika, yaani mtu aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili, akapata nafuu, kisha akajitoa kumsindikiza mwingine anayeugua, na hasa yule ambaye ugonjwa umemfikisha polisi, mahakamani au gerezani.

Tabora inafaa kutazamwa kwa sababu vituo vya mwanzo vya safari ya mgonjwa wa namna hiyo vipo karibu karibu: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, mahakama, Gereza la Uyui, na reli ya kati iliyofika mjini mwaka 1912. Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, mahakama inapoona dalili kwamba mshtakiwa hakuwa na akili timamu alipotenda tendo analoshtakiwa, inaweza kuamuru apelekwe hospitali ya magonjwa ya akili kuchunguzwa, na daktari mfawidhi hutakiwa kuandika taarifa yake ndani ya siku 42. Mahali panapojulikana zaidi kwa uchunguzi huo ni Taasisi ya Isanga, Dodoma, iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe, kwa hiyo mshtakiwa wa Tabora huelekea mashariki, kwenye nchi ya Wagogo ambayo wapagazi waliiogopa kwa ukame wake. Ikithibitika kwamba alitenda hali akiwa mgonjwa, mahakama hutamka kuwa hana hatia kwa sababu hiyo, lakini hatoki siku hiyo. Jalada lake hupelekwa kwa Waziri, naye huendelea kushikiliwa.

Maneno hayo ni mepesi kwenye karatasi. Kwa anayeyapitia, hasa aliyeshtakiwa kwa mauaji, kosa lisilo na dhamana, yana maana ya kukaa mahabusu muda mrefu kabla hata ya siku hizo 42 kuanza kuhesabiwa, kufikishwa kizimbani tarehe baada ya tarehe kusikia kwamba upelelezi haujakamilika, na kurudishwa kwenye karandinga bila kuelewa ni nani ameamua nini. Wakili humweleza sheria, muuguzi humpa dawa, askari humlinda. Anayeweza kumwambia kwamba kuahirishwa kwa kesi si hukumu, na kwamba sauti anazozisikia usiku hupungua baada ya wiki kadhaa za dawa, akaaminika, ni yule aliyewahi kuzisikia sauti hizo na kusimama kizimbani.

Umahiri wa kazi hii huonekana katika mambo madogo. Dawa ya haloperidoli, inayotumika sana kutuliza fikra zilizovurugika, huweza kumfanya mtu akakamae shingo, macho yakapanda juu yasishuke, taya likajifunga na ulimi ukawa mzito, na mtu wa hali hiyo akihojiwa kituoni huonekana mlevi, jeuri au mwenye kuigiza. Msaidizi rika huitambua hali hiyo kabla mgonjwa hajasema neno, kwa kuwa shingo yake mwenyewe iliwahi kukakamaa vile vile, na jambo la kwanza analofanya si kumtetea kwa kelele bali kumwomba mkuu wa zamu kwa adabu amruhusu mgonjwa aketi, kisha kumtafuta tabibu ampatie dawa ya kulegeza misuli. Ndiyo maana humfundisha anayemsindikiza kuiweka kadi yake ya kliniki ndani ya mfuko wa plastiki, mfukoni mwa shati, mahali ambapo mkono wa askari anayepekua hufika mwanzo.

Hata hivyo, kilele cha ufundi wenyewe ni kipimo cha maneno. Msaidizi rika ana chombo kimoja tu, nacho ni kumbukumbu ya ugonjwa wake, na chombo hicho kikitumiwa ovyo huumiza. Akisimulia kidogo mno, hana tofauti na mtumishi mwingine yeyote. Akisimulia kupita kiasi, mazungumzo yanakuwa yake, na mgonjwa anabaki msikilizaji wa masaibu ya mwenziwe. Fundi mzuri hukaa ubavuni, si mkabala, haulizi mtu ametenda nini, hunyamaza muda mrefu, na anapotoa kipande cha maisha yake hutoa kile tu ambacho mwenziwe anaweza kukishika siku hiyo. Kipimo hicho hakiandikiki kwenye mwongozo wowote. Hupatikana kwa kukaa miaka na waliokitumia.

Kazi yenyewe si ngeni duniani. Mwishoni mwa karne ya 18 Jean-Baptiste Pussin, aliyewahi kulazwa katika hospitali ya Bicêtre, Ufaransa, kisha akaisimamia wodi ya wagonjwa wa akili hapo, alipendelea kuajiri watumishi miongoni mwa waliopona, kwa kuwa aliwaona ndio wasiopenda ukatili. Baada ya Uhuru Tanzania nayo ilikuwa na vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, kama Hombolo karibu na Dodoma, ambako mgonjwa alishika jembe na kuishi kama mwanakijiji. Katika miaka ya 2010 hospitali ya Butabika, Kampala, iliwapa mafunzo waliowahi kulazwa huko ili wawatembelee wenzao, na mwaka 2018 mradi wa UPSIDES ukaunganisha Kampala, Dar es Salaam na miji ya Ujerumani, India na Israeli katika kazi hiyo.

Inauma kwamba Tanzania, nchi inayoujua ufundi huu, inautumia kwa ubahili namna hii. Kliniki za VVU zimekwisha kuzoea WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao, na hakuna anayeshangaa kumwona mmoja wao akimpokea mgonjwa mpya mlangoni. Ugonjwa wa akili haujapewa heshima hiyo. Muundo wa utumishi unatambua vyeti, na kuugua hakuna cheti. Basi aliyepita njia huitwa kwenye semina, huombwa atoe ushuhuda, hupigwa makofi na kupewa posho, na semina ikiisha huachwa arudi kwao.

Wakati huohuo Kanuni ya Adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, ilhali nchini Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hiyo mtu aliyeokolewa leo anaweza kuamka wodini akakuta anamhitaji mtu wa kumsindikiza polisi. Anayerudi kutoka Isanga naye hukabidhiwa kwa ndugu, kama wapo na kama wanamtaka, katika kijiji kinachokumbuka tendo lake na kisichojua lolote kuhusu taarifa ya daktari. Wanaoweza kuketi na familia hiyo, wakawaeleza dalili za kurudi kwa ugonjwa na sababu ya kutokatisha dawa hata mtu akionekana mzima, wapo katika wilaya za Urambo, Sikonge na Uyui, wakilima tumbaku na kurina asali bila kuitwa na ofisi yoyote.